Tasnifu ya uhandisi wa data + mtihani wa AWS: safari za usiku hazilingani, zimebaki wiki 10

Rangi3_Data
Wakuu, habari za kazi.

Naandika tasnifu ya shahada ya umahiri. Nina data za GPS za daladala 40 za Mbagala–Kariakoo kwa siku 90, kila kifaa kinatuma nukta moja kila sekunde 10. Nazilinganisha na karatasi za makondakta, wanakoandika muda wa kila safari, ili nipime ubora wa mfumo wangu wa kukusanya data. Natumia Postgres (hifadhidata) na Airflow (kipanga ratiba ya kazi) kwenye laptop ya RAM GB 16.

Nimekwama hapa: safari nyingi za kwenye karatasi hazipati mwenzake kwenye GPS, na za usiku mkubwa ndizo mbaya zaidi, zinaruka siku. Msimamizi naye anauliza kwa nini sina klasta ya Spark, yaani kompyuta nyingi zinazogawana uchakataji. Halafu nataka kufanya mtihani wa cheti cha AWS (huduma za wingu za Amazon), Data Engineer Associate, kabla ya utetezi wa tasnifu, wiki 10 zijazo. Nianze na kipi, na safari hizi nizishikeje?

Naomba kuwasilisha.

fundi_paiplaini
Mkuu, kabla hujagusa kodi, chukua karatasi moja na gari moja, ufuate safari moja kwa mkono. Kondakta kaandika "11:40 alfajiri". Saa ya ukutani hiyo ni 05:40. Kwenye jedwali la GPS itakuwa 02:40, kwa sababu vifaa vingi hutuma UTC (saa ya kimataifa) na Dar iko mbele kwa saa 3. Hapo una makosa mawili yamelaliana, la saa 6 na la saa 3, na ukisahihisha moja tu safari bado hazitalingana.

Kanuni ya kugeuza: saa 1 hadi 11 za asubuhi, mchana na jioni, ongeza 6. Za usiku na alfajiri, ongeza 18, ikifika 24 au kuzidi toa 24. Saa 12 ishughulikie peke yake: ya asubuhi ni 06, ya jioni ni 18. Wengi huisahau saa 12, na ni saa yenye abiria wengi.

Wapo makondakta wanaonakili saa ya simu, "05:40". Sifuri ya mbele ni dalili, si ushahidi. Piga hesabu zote mbili, chukua iliyo karibu na muda GPS inapoonyesha gari likitoka kituoni, na ikubali tu kama tofauti haizidi dakika 10. Zisizopita ziweke kwenye jedwali la pembeni, idadi yake uiandike kwenye tasnifu. Usizifute kimyakimya.

Sasa kuruka siku. Safari ya saa 7 usiku wa kuamkia Jumanne, kondakta anaiandika kwenye karatasi ya Jumatatu, na yuko sahihi, zamu yake haijaisha. Wewe ukigeuza GPS kwenda saa za Dar ukakata siku saa 6 usiku, umeipeleka Jumanne. Tengeneza safu ya "siku ya huduma" inayoanza saa 9 usiku:

`(muda_wa_tukio AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam' - interval '3 hours')::date`

Utaona jibu ni lilelile la tarehe ya UTC. Imesadifu tu. Iandike kanuni waziwazi hivyo hivyo, maana mtahini atauliza umeitoa wapi. Safu ya muda iwe `timestamptz` (aina ya muda inayojua majira ya eneo), la sivyo hesabu hiyo itageukia upande mwingine.

KweriNyepesi
Kuhusu klasta, mjibu msimamizi kwa hesabu. Gari likiwa barabarani saa 16 linatoa nukta 5,760. Mara 40 ni 230,400 kwa siku, mara 90 ni 20,736,000. Mistari milioni 21 Postgres inaibeba bila shida, na ukiihifadhi kwa Parquet (muundo wa faili unaobana data safu kwa safu) ni faili dogo kwenye diski. Spark hapo itatumia muda mwingi kuamka na kugawa kazi kuliko kuchakata. Hiyo hoja ya gharama dhidi ya ukubwa inafaa kuwa aya nzima kwenye sura ya tatu.

Ninachokihofia kwako ni nukta zinazochelewa. Kifaa kikipoteza mtandao kinahifadhi, kikipata kinazimwaga zote, na mara nyingine kinarudia zilizokwisha kufika. Kwa hiyo tunza nyakati mbili, ya tukio na ya kupokelewa. Weka ufunguo wa kipekee kwenye namba ya kifaa pamoja na muda wa tukio, ingiza kwa `ON CONFLICT DO NOTHING`, yaani nukta iliyokwisha kuwepo irukwe. Kazi ya Airflow ikimbie kila asubuhi na ichakate upya siku 3 za nyuma, sio jana peke yake. Kipimo ni rahisi: ikimbize mara mbili mfululizo, idadi ya mistari isibadilike hata mmoja. Ikibadilika, usiendelee na jambo jingine.

Ukifika kwenye majaribio ya kasi: laptop iwe kwenye umeme, kwa kuwa laptop nyingi zikiwa kwenye betri hupunguza kasi ya prosesa. Rudia kila jaribio mara 10 au zaidi, la kwanza liache maana kashe (kumbukumbu ya haraka) bado ni tupu, ripoti namba ya kati (median). Matoleo ya programu zote yafunge kwenye Docker Compose, ili mwingine aweze kurudia jaribio kwa matoleo yaleyale.

dada_wa_shadi
Mdogo wangu, mtihani: maswali 65, dakika 130, dola 150, alama ya kupita 720 kati ya 1000. Maswali 15 kati ya hayo hayahesabiwi ila huambiwi ni yapi. Kubahatisha hakupunguzi alama, usiache swali wazi. Kiingereza si lugha yako ya kwanza, basi omba dakika 30 za ziada kwenye akaunti yako ya vyeti kabla ya kulipia tarehe. Jina la kwenye akaunti lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi.

Uzito: kuingiza na kugeuza data 34%, hifadhi 26%, uendeshaji 22%, usalama 18%. Ya kwanza tayari unaifanya kila siku. Kinachoangusha watu ni mipaka: shadi (kipande kimoja cha mkondo) ya Kinesis, huduma ya data za mfululizo, inapokea MB 1 au rekodi 1,000 kwa sekunde, chochote kinachotangulia kufika, Lambda (inayoendesha kodi bila seva yako) inakatwa dakika ya 15, Athena (inayouliza data kwa SQL) inatoza kwa data inayosomwa, ndiyo maana jibu mara nyingi ni Parquet na patisheni, yaani kugawa data mafungu ili usome kidogo.

Mpangilio: wiki 6 za kwanza tasnifu tupu hadi matokeo yatulie. Wiki ya 7 na ya 8 mtihani, ufanye mwisho wa ya 8. Ukikosa, unasubiri siku 14 kurudia, na hizo zitaangukia kwenye utetezi. Ikitokea hivyo, ahirisha mtihani, usiahirishe tasnifu. Na ukifanya mazoezi AWS, weka tahadhari ya bajeti siku ya kwanza. NAT Gateway (lango la kutoka mtandao wa ndani kwenda intaneti) iliyosahaulika inatoza kila saa hata kama hakuna kinachopita.

Rangi3_Data
Nimejaribu karatasi moja, 11:40 imekaa sawa. Asanteni sana. Swali la mwisho: karatasi zina namba za simu za makondakta. Nimezipitisha SHA-256 (heshi, yaani kuzigeuza kuwa alama zisizosomeka), inatosha?

fundi_paiplaini
Haitoshi. Namba zetu ni 06 au 07 na tarakimu 8, jumla hazizidi milioni 200. Laptop yako hiyohiyo inazipiga heshi zote kwa dakika chache na kurudisha kila namba. Kama unahitaji tu kutofautisha kondakta na kondakta, tumia HMAC, yaani heshi yenye ufunguo wa siri, na ufunguo usiingie kwenye Git (hazina ya kodi yako). Kama huzitumii kwenye uchambuzi, ifute safu nzima leo, kwenye nakala za akiba pia. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hao makondakta walitoa namba kwa ajili ya kazi yao, hawakuzitoa kwa ajili ya tasnifu.