Video ya "College Boy" darasani: itamsaidia nani?

Mama wa Montréal

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, naishi Montréal, na mwanangu wa kiume ana miaka 14. Wiki iliyopita shule yake ilitutumia wazazi barua ya kutuarifu kwamba darasa lake litaonyeshwa video ya wimbo "College Boy" wa bendi ya Kifaransa Indochine, iliyoongozwa mwaka 2013 na Xavier Dolan, ambaye ni mzaliwa wa mji huu, kisha wanafunzi watajadili uonevu unaowapata vijana ambao ni wapenzi wa jinsia moja au wanaodhaniwa kuwa hivyo.

Niliitazama usiku peke yangu, mara mbili. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na inaanza na jambo ambalo kila mmoja wetu aliliona shuleni: vipande vya karatasi vinarushwa kichwani mwa mvulana aliyevaa sare. Kutoka hapo ukatili unapanda hatua kwa hatua, anapigwa, na mwishowe anatundikwa msalabani uani mwa shule na kupigwa risasi, huku waliomzunguka wakiwa wamefungwa vitambaa machoni.

Sipingi mada. Mwanangu ameniambia kwamba katika darasa lao yupo mtoto anayefuatwa ukumbini kila siku kwa jina baya, na hakuna anayesema kitu. Hofu yangu ni juu ya mtoto huyo. Ataketi katikati ya wale wale wanaomtesa, taa zitazimwa, na wote watatazama mvulana anayefanana naye akiuawa. Je, hilo ni fundisho, au ni mateso mengine? Naomba maoni ya walimu na wazazi waliowahi kukutana na jambo hili.

Msomaji wa Lille

Mama, pole kwa usiku huo. Nilikuwa Ufaransa video hiyo ilipotoka, Mei 2013, mwezi ule ule ambao sheria ya ndoa za watu wa jinsia moja ilitiwa saini baada ya miezi ya maandamano makubwa ya kuipinga. Ilizua mjadala mkali uliofika hadi kwa mamlaka ya utangazaji ya wakati huo, CSA, kuhusu iwapo inafaa kuonyeshwa saa ambazo watoto wako macho. Waliotaka ifichwe walizungumzia damu na msalaba. Mimi naona kiini cha kazi ile ni vile vitambaa. Dolan hakuwafunga macho wanafunzi peke yao, bali amewafunga na watu wazima, na picha zenyewe hazielezi popote mvulana yule amekosa nini. Mtazamaji anayesubiri kuonyeshwa sababu hapewi, kwa kuwa hakuna sababu ambayo ingehalalisha yale.

Hata hivyo, nakubaliana na hofu yako. Jicho la kijana wa miaka 14 huvutwa na bunduki kabla ya kitambaa. Kama mwalimu hatasimamisha picha na kuuliza, "Huyu hapa nyuma, aliyefungwa macho, ni nani katika shule yetu?", basi watatoka wakiwa wameona filamu ya kutisha tu.

Muuguzi wa Vijana

Shikamoo mama. Ninafanya kazi na vijana huku Minneapolis, na ningependa kuleta mfano mwingine kwenye mizani. Mwaka 2017 mwanamuziki Logic, akishirikiana na Alessia Cara na Khalid, alitoa wimbo ambao jina lake lilikuwa namba ya simu ya taifa ya kuzuia kujiua nchini Marekani. Video yake inamfuata kijana mweusi, mwanariadha wa shule, anayempenda mvulana mwenzake. Anaonewa na wenzake, anagombana na baba yake, anafika ukingoni, halafu anapiga simu. Mtu anapokea. Mwishoni tunamwona akiwa mtu mzima, siku ya harusi yake.

Mwaka 2021 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliochunguza siku 34 ambazo wimbo huo ulizungumziwa zaidi na umma. Simu zilizopigwa kwa namba hiyo zilizidi kiwango kilichotarajiwa kwa 9,915, yaani asilimia 6.9, na vifo vya kujiua vilikuwa pungufu kwa 245, yaani asilimia 5.5 chini ya matarajio. Utafiti huo unahusu wimbo kwa jumla, si video peke yake, wala hauthibitishi kwamba wimbo ndio uliosababisha mabadiliko yale, lakini sisi tunaokaa na vijana hawa hatukushangaa. Kijana aliyekata tamaa anayajua maumivu yake vizuri kuliko mwongozaji yeyote wa filamu. Asichokijua ni mlango wa kutokea. Kanada nayo ina namba fupi ya 988 tangu Novemba 2023, na ningemwomba mwalimu aiandike ubaoni kabla ya kuwasha chochote.

Nyongeza ndogo: wengi husifu video ya "Smalltown Boy" ya bendi ya Bronski Beat ya mwaka 1984, ambamo kijana anayewapenda wanaume anapigwa, anarudishwa nyumbani na polisi, kisha anaondoka kwa treni. Ni kazi nzuri mno na bado inanigusa. Lakini mtoto wa miaka 14 hana treni ya kupanda, na Jumatatu atarudi darasani kwa watu wale wale.

Mshauri Nasaha, Mombasa

Huku kwetu swali hili lina uzito wa aina yake. Februari 2016 kundi la muziki la Art Attack lilipotoa toleo la Kenya la "Same Love", wimbo wa kutetea mapenzi ya jinsia moja, bodi ya uainishaji wa filamu iliipiga marufuku video hiyo na kuitaka Google iiondoe mtandaoni. Sheria ya adhabu bado inatoa kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono ya watu wa jinsia moja, na Mahakama Kuu ilikataa kubatilisha vifungu hivyo Mei 2019. Kwa hiyo siwezi kuonyesha video yoyote kati ya hizi mnazozitaja.

Uonevu wenyewe, hata hivyo, hausubiri ruhusa ya bodi. Niliwahi kumhudumia mvulana wa kidato cha pili aliyeitwa "shoga" muhula mzima kwa sababu alikuwa na sauti nyororo na alipenda kwaya. Sikumuuliza kama ni kweli au si kweli, kwa kuwa ningemuuliza ningekuwa nakubali kwamba jibu moja lingehalalisha kipigo. Niliwaita wenzake watano wa bwenini, wale ambao hawakumpiga wala hawakumtetea, nikazungumza nao mmoja mmoja. Wawili kati yao walianza kukaa naye mezani wakati wa chakula. Matusi hayakuisha, ila yalipungua sana, na yeye akaacha kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani kila Ijumaa.

Mama, ningekushauri usipiganie kufutwa kwa somo. Uliza kwanza ni nani atazungumza na yule mtoto kabla ya siku hiyo.

Mama wa Montréal

Nawashukuru sana, na wewe mshauri wa Mombasa zaidi, kwa sababu swali lako la mwisho sikuwa nimelifikiria. Leo asubuhi nimemwandikia mwalimu kumwomba mambo matatu: azungumze na mtoto huyo na wazazi wake faraghani, bila kumlazimisha aeleze chochote juu yake mwenyewe, na ampe nafasi ya kutohudhuria, aonyeshe dakika za mwanzo tu za "College Boy", hadi kwenye karatasi zinazorushwa, kwa kuwa hapo ndipo darasa lao lilipo leo, na namba ya 988 iwe ubaoni tangu mwanzo.

Jioni nilimsomea mwanangu barua hiyo. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama na yeye ni miongoni mwa waliofungwa macho. Tumekaa jikoni hadi saa nne usiku tukilizungumza.