Sensa: mimi Mswahili, mume Mkamba, watoto tuwaandikishe nani?

BintiKibokoni: Assalam aleikum wanajamvi. Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019 sensa ya Kenya inaanza na kwetu tushazozana. Babangu ni Mswahili wa Mji wa Kale, mamangu Mdigo wa Msambweni, mume wangu Mkamba wa Machakos. Kidigo nakisikia, kukijibu najikwaa. Babu, Mungu amrehemu, alijiandikisha Mwarabu, maana enzi za mkoloni Mwarabu hakutiwa kundi moja na "wenyeji". Mimi niseme nani? Na watoto? Baba yao ashakata shauri: Wakamba. Kikamba chenyewe hata salamu hawakijui.

KaraniMstaafu: Nilihesabu watu 2009. Dadangu, afisa hakupangii kabila. Anauliza, unajibu, anaingiza namba ya jibu lako. Mwaka huu 2019 ni kwenye tableti. Hadai cheti wala hakupimi lugha. Kasheshe ni kwamba mara nyingi mtu mmoja hujibia nyumba nzima. Nimeona mume akitaja kabila la mkewe, mke yuko jikoni anapiga kelele "sivyo!" Basi elewaneni kabla hodi haijapigwa. Na kila mtu ana mstari wake, si lazima nyumba nzima ifanane.

MvitaDamu: Sema Mswahili, usione haya! 2009 tulitoka laki moja na kidogo, pwani yote hii. Wengine wamejiita Waarabu kama huyo babu yako. Wamakonde wametambuliwa juzi tu, 2017, kabila la 43. Asiyehesabika hagawiwi.

Mzaramo_wa_Ilala: Poleni jirani. Huku kwetu Tanzania sensa iliuliza kabila mara ya mwisho 1967. Mtu anahesabiwa, basi.

MvitaDamu: @Mzaramo_wa_Ilala na jina lako hilo?

Mzaramo_wa_Ilala: 😂 Hilo la utani tu, kaka.

ShangaziToronto: Kanada fomu hutenganisha mambo. Asili waweza kutaja zaidi ya moja. Lugha ya mama wanauliza ile uliyojifunza kwanza nyumbani utotoni na bado unaielewa. Wanangu niliwaandika asili Mtaita na Mluo, lugha Kiswahili, wala hapakuzuka ugomvi. Huko kwenu kabila na lugha mwavifunga mzigo mmoja, ndipo mnapogombana. Mwanangu, Mkamba asiyejua Kikamba bado ni Mkamba akitaka.

BintiKibokoni: Shukran nyote. Mimi nitasema Mswahili, mama akiudhika nitamtuliza. Kwa watoto tumeafikiana mkubwa aulizwe mwenyewe, ana miaka 14. Kajibu: "Mkenya." Baba yake kanuna tangu magharibi. Jibu hilo linakubaliwa kweli?

KaraniMstaafu: Linakubaliwa. 2009 zaidi ya laki sita walijibu hivyo hivyo na tukaandika. Mwambie mzee ale, chakula kisipoe.