Mrejesho: zile kanda za marehemu ami zilokuwa zanuka siki

Jamani nimerudi kama nlivoahidi. Nliuliza kama nizianike juani zile kanda za rili alizotuachia ami hapa Lamu, alirekodi Sauti ya Mvita kutoka Mombasa miaka ya 50 na pia mazungumzo na manahodha, na zote zimeanza kunuka siki. Aloniambia nisithubutu Mungu ampe kheri. Nliielekeza rili moja dirishani mwangaza ukapenya, basi hiyo ni aseteti, plastiki ya zamani ya kanda, manake poliesta, plastiki iloifuatia, haipitishi mwanga vile, na aseteti ikinuka siki ishaanza kuoza, joto laichochea na mvuke wake waharibu nyingine. Zinazonuka sana nimezitenga chumba cha chini chenye baridi, mbali na upepo wa bahari.

Fundi mmoja Malindi ana mashine ya rili ilo nzima, akasafisha kwa spiriti kwanza vile vichwa vyake visomavyo kanda, tukacheza kwa kasi ya inchi 7.5 kwa sekunde na kurekodi kwenye kompyuta faili ya sauti isobanwa, WAV, ya kHz 96, biti 24. Kelele hatujachuja hata kidogo, hiyo ifanywe kwenye kopi tu. Kanda ilipokatika tuliiunga kwa tepu yake maalumu, selotepu hapana, gundi yake huvuja ikachafua kanda.

Na sauti wallahi! Nahodha aeleza safari za boriti mpaka Uarabuni, akingoja kusi, mpaka kikohozi chake chasikika. Nlilia.

Zimebaki rili zilizoshikamana, hizo sizigusi. Mwenye kumjua mtaalamu wa hizo anambie tafadhali.