Hendeli inavunjaje mkono? Na stata ya umeme ilitoka wapi?

Mwita_109
Wakuu, habari za leo. Baba mdogo ana Land Rover Series III, bampa yake ya mbele ina tundu la kupitishia hendeli, kile chuma cha kuzungusha injini kwa mkono ili iwake. Anasema zamani watu walivunjika mikono kwa hendeli. Kwamba ni nzito naelewa, ila mkono unavunjikaje? Na stata ya umeme, ile mota ya kuwashia injini, nani aliileta?

Fundi Magneto
Mwita, anayevunja mkono ni cheche iliyowahi. Plagi ikipiga cheche pistoni ingali inapanda, moto unairudisha chini kabla haijafika juu. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inageuka kinyume, na hendeli iliyo mkononi mwako inageuka nayo kwa nguvu yote ya injini.

Injini ikishachanganya, cheche ya mapema inatakiwa, kwa sababu moto unahitaji muda kuenea ndani ya silinda. Kwa mkono pistoni inapanda taratibu mno, cheche ileile inakuwa hatari. Ndiyo maana Ford Model T ilikuwa na kijiti cha cheche kushoto, chini ya usukani. Unakipandisha ili cheche ichelewe, unapiga hendeli, ikiwaka unakishusha. Aliyesahau alivunjika kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Yaliwakuta wengi hadi madaktari wakauita mvunjiko wa madereva.

Kwa hiyo Land Rover nakusihi: gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke hendeli. Vuta kutoka chini kwenda juu. Usisukume kwenda chini hata siku moja.

Bi Zuhura
Fundi shikamoo. Hiyo cheche ilipata wapi umeme, na gari halina betri?

Fundi Magneto
Marahaba. Si yote yaliyokosa betri. Benz mwaka 1886 alitumia betri na koili, waya uliosokotwa wa kukuza volti. Daimler hakutumia cheche kabisa: alikuwa na kibomba kilichopashwa moto na taa hadi kikawa chekundu, mvuke wa petroli ukikigusa unawaka. Hebu fikiria moto wa wazi karibu na petroli! Magneto, kifaa cha sumaku cha kuzalisha umeme, ndiyo iliyookoa jahazi. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch kule Ujerumani, aliunda magneto ya volti kubwa pamoja na plagi yake. Injini ikizunguka inajitengenezea umeme wake. Model T ilifungwa sumaku 16 kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na koili 4, kila silinda na yake.

Kijana wa Spea
Stata zilianza na za hewa, au siyo?

Fundi Magneto
Za hewa ya kubana zilikuwepo, na za gesi ya asetilini pia. Zilikuwa na usumbufu, hazikudumu.

Ya umeme iliyofaa ni ya Charles Kettering wa Dayton, Ohio, nchini Marekani. Cadillac waliifunga kwenye magari yao ya 1912. Wengi waliamini mota ya kuzungusha injini lazima iwe kubwa kama injini yenyewe. Kettering alikuwa ametengeneza mota ya mashine ya kuhesabia fedha dukani, ile inayofungua droo. Mota ndogo ukiibebesha mzigo mkubwa siku nzima itaungua. Ukiibebesha kwa sekunde chache haipati nafasi ya kuungua, na stata haihitaji zaidi ya hizo sekunde. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe! Tena mashine yake ilikuwa moja: inawasha kwa volti 24, kisha inageuka jenereta na kuchaji betri kwa volti 6. Ford alichelewa, Model T ilianza kupata stata ya umeme mwaka 1919.

Mwita_109
Asante sana fundi. Ya baba mdogo ni ya petroli, stata yake ilikufa kitambo.

Fundi Magneto
Basi hata kabla ya hendeli, fungua kifuniko cha distributa, kile kigawa cheche, uangalie pointi, vyuma viwili vinavyokata umeme ili cheche ipigwe. Pointi, kondensa na koili ni mfumo wa cheche wa Kettering, huyohuyo wa stata. Zikiwa zimeungua au mwanya umebana, taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, inahama. Zisafishe, pima mwanya kwa fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia, kisha weka picha hapa. Hendeli usiiguse kwanza.