Mnabishana kuhusu Smuts na Lettow-Vorbeck bila kupiga hesabu ya unga. Imetosha!

Wadau, huu uzi ni wa hasira na siombi radhi. Kila mjadala wa Vita Kuu ya Kwanza hapa Afrika Mashariki unakwenda vilevile: mtu anatandaza ramani, anachora mshale kutoka Taveta hadi Morogoro, kisha anatangaza kwamba Smuts, jenerali aliyeongoza jeshi la Waingereza, angepitia kushoto badala ya kulia, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, angenaswa 1916. Hakuna anayeuliza wanajeshi wa mshale huo walikula nini. Na tunayaandika haya tukiwa Nairobi, jiji lenye Kariokor, mtaa uliopata jina kutokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, jiji ambalo sanamu ya mpagazi imesimama Kenyatta Avenue kando ya askari wawili tangu 1928!

Basi tupige hesabu. Mpagazi alibeba takriban kilo 25 na alikula karibu kilo moja kwa siku. Kambi ikiwa mwendo wa siku 5 kutoka reli, kwenda na kurudi anakula kilo 10, anafikisha 15. Kambi ikiwa mwendo wa siku 10, anakula 20, anafikisha 5. Ikipita siku 12 na nusu, hakifiki kitu. Sasa tuseme askari naye anakula kilo moja. Kwa mwendo wa siku 5, wapagazi wawili barabarani wanalisha askari watatu. Kwa siku 10, askari mmoja tu anahitaji wapagazi wanne. Umbali umeongezeka mara mbili, wapagazi wameongezeka mara sita. Hapo sijahesabu risasi, dawa, mahema, machela za majeruhi, wala mvua iliyogeuza njia kuwa tope la magotini.

Haya, rudi kwenye mshale wako. Smuts aliingia Moshi Machi 1916. Hadi hapo alikuwa na reli, maana Waingereza walishaanza kutandika ile ya kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea Taveta. Kisha akakimbiza adui kuteremka bonde la Pangani, akaingia porini kuelekea Handeni, na kufikia Julai jeshi limekwama Msiha chini ya milima ya Nguru, linakula nusu posho na kupigwa mizinga iliyong'olewa kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa makumi ya maelfu kwa sababu ya mbung'o. Mnyama akifa, mzigo wake haufi. Unahamia kichwani mwa mtu.

Wakati huohuo Dar es Salaam ilikuwa pale pale: bandari, na reli ya kilomita 1,252 hadi Kigoma. Königsberg ilikuwa imeangamizwa Rufiji tangu 11 Julai 1915, kwa hiyo bahari ilikuwa ya Waingereza. Bado mji huo ulitwaliwa tarehe 4 Septemba 1916, baada ya jeshi kujichosha nchi kavu. Uamuzi wa kujadiliwa ni huu: kwa nini bandari ilikuja mwisho badala ya kuwa ya kwanza? Kweli Wajerumani wangebomoa madaraja ya reli, kama walivyobomoa. Lakini daraja hurekebishwa. Hata kabla ya injini kupita, malori yalifungwa magurudumu ya reli yakavuta mizigo. Lori moja la namna hiyo lina thamani kuliko mishale yote mnayochora.

Uamuzi wa pili ni wa nani apigane. Mwaka 1911 serikali ilivunja batalioni ya pili ya KAR (King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza) ili kubana matumizi, na baadhi ya askari wale wakaenda kuajiriwa na Wajerumani. Vita vilipoanza KAR ilikuwa na batalioni tatu. Badala ya kuipanua mara moja, wakaletwa maelfu ya askari wazungu wa Afrika Kusini, kwa kuwa masetla waliogopa kumpa Mwafrika bunduki. Batalioni ya 9 ya Afrika Kusini ilianza Februari 1916 na watu 1,135. Oktoba, waliobaki wazima walikuwa 116. Malaria na kuhara, si risasi. KAR ilikuja kufika batalioni 22 vita vikielekea kuisha. Upanuzi ule ungeanza 1915, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Na jambo linaloniuma kuliko yote ni sufuria. Wapagazi wengi hawakuuawa na adui. Mtu aliyezoea ndizi, wali au mtama alipewa unga wa mahindi wenye chenga. Anafika kambini giza limeingia, kuni mbichi, sufuria moja kwa watu wengi, na kesho safari ni alfajiri. Chenga zisipoiva zinakwangua utumbo, na mtu aliyechoka, anayelala kwenye baridi bila blanketi, ni vigumu kupona kuhara damu. Dawa ya hilo ilijulikana: unga uliosagwa laini, wapishi waliotangulia kambini, masufuria makubwa, maji yaliyochemshwa. Ni mambo ya bohari, na ndiyo yaliyoamua jeshi lifike wapi.

Januari 1917 Smuts aliondoka akieneza habari kwamba kazi imekaribia kwisha. Jenerali Hoskins akarithi jeshi lenye njaa kwenye mvua za Rufiji. Aliomba malori na wapagazi, akaonekana mzembe, akaondolewa baada ya miezi michache. Mwaka huohuo wa 1917 msako mkubwa wa wapagazi chini ya ofisa wa Kiingereza John Ainsworth ukazoa vijana vijijini kwa mshahara wa rupia chache. Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma 25 Novemba 1917, na alisalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia) 25 Novemba 1918, akiwa na askari 1,168.

---

Jibu la 1: Kaka, hasira naielewa, lakini bahari walishaijaribu Tanga Novemba 1914. Watu 8,000 walipigwa na kama 1,000. Nani angethubutu tena? Halafu hata vita vingeisha 1916, Ulaya ingebadilika nini?

Mwenye uzi: Ndugu, Tanga haikushindwa kwa sababu ya bahari. Adui alipewa taarifa kwamba mapatano ya kutoshambulia mji yamefutwa, akapata muda wa kuleta askari kwa reli. Jenerali Aitken, aliyeongoza shambulizi hilo, hakufanya upelelezi wa maana, na aliwashusha watu waliokaa melini wiki nyingi. Ni makosa ya utekelezaji.

Ulaya isingebadilika, nakubali. Lakini huku ingebadilika sana. Majeshi ya pande zote mbili yalipora chakula na watu, na Ugogo ikaangukia njaa ya Mtunya. Kwa hiyo msiniletee sifa za Lettow-Vorbeck shujaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Atakayeleta njia yake ya kumzingira Lettow-Vorbeck, aandike kwanza: siku ngapi kutoka mwisho wa reli, wapagazi wangapi, maji yako wapi, unga unasagwa wapi. Hapo tutajadiliana.