"Mwacha asili ni mtumwa": bibi kainuka akatoka

Mama Shani, Temeke:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Jumamosi tulikuwa Magomeni, kikao cha harusi ya mdogo wangu wa kike. Akasema hawezi kuwekwa ndani wiki nzima kwa kungwi, kazini hapati ruhusa. Mjomba akamkata: "Mwacha asili ni mtumwa." Kwetu msemo huo ni wa kila siku, marehemu baba alikuwa nao mdomoni muda wote. Bibi wa upande wa bwana harusi, mtu wa Kilwa Kivinje, akaweka kikombe cha kahawa mkekani, akajitanda kanga, akatoka. Hakusema neno. Mkwe akaninong'oneza: "Mama yake bibi alikuwa mzalia." Nimekosa usingizi tangu siku ile. Msemo huu una asili gani? Ni tusi?

Mzee wa Tandika:
Pole, binti yangu. Mzalia ni mtoto wa mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana. Kivinje ilikuwa bandari, watu walitembezwa kwa miguu kutoka huko Ziwa Nyasa wakapakiwa majahazini. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873, ila huku Tanganyika sheria ya kufuta utumwa ilikuja 1922. Kwa hiyo anamlilia mama yake mzazi, si hadithi za kale. Mtumwa alikuwa mtu asiye na kwao, hana ukoo wa kumtetea, na hapo ndipo msemo ulipochota nguvu. Lakini yule hakuacha asili. Alinyang'anywa.

Binti Kariakoo:
Tukianza kufuta maneno tutabaki na nini? "Mtoro" wa shule ni neno lilelile la mtumwa aliyetoroka. "Mjinga" aliitwa mtumwa mgeni kutoka bara. Hata "muungwana" tunayemsifu, maana yake ya zamani ni asiye mtumwa. Mjomba hakumkusudia bibi. Aombe radhi, yaishe.

Mama Shani, Temeke:
Binti Kariakoo, kwenye "mtoro" sijaona mtu akiinuka mkekani. Hili nimeliona kwa macho yangu, na mimi nyumbani kwangu nimelikataza. Mzee wangu, shikamoo na ahsante, hilo la kunyang'anywa nimemsomea mjomba kwenye simu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kwa bibi panafikikaje. Ijumaa baada ya swala tunakwenda Mbagala. Bibi mwenyewe nimeshampigia. Kaniuliza jambo moja tu: huyo mwari mmempatia kungwi? Maana yeye ni kungwi tangu ujana wake, na siku mbili zinamtosha.