Mrejesho: mkate wa mkaa umeumuka

Wapendwa, ni mimi niliyeuliza wiki mbili zilizopita kwa nini mkate wangu wa kuoka kwenye mkaa unatoka mgumu nje na mbichi ndani. Asanteni sana kwa majibu.

Kosa la kwanza lilikuwa maji. Hapa Njombe kuna baridi, nami nilikuwa namimina maji ya moto kwenye hamira nikidhani naisaidia, kumbe naiua. Safari hii nimetumia maji ya vuguvugu, yale ambayo kidole kinayavumilia, nikatia sukari kijiko kimoja na hamira, nikasubiri dakika 10. Povu likapanda! Kwa nusu kilo ya unga wa ngano nilitia maji kama mililita 300, chumvi na mafuta kidogo. Nikakanda dakika 15, mpaka donge likawa laini na kuvutika bila kukatika. Kuumuka kulichukua karibu saa mbili pembeni ya jiko, si zile dakika 40 nilizokuwa nalazimisha.

Moto ndio ulionipa kazi zaidi. Dada uliyesema makaa mengi yakae juu ya mfuniko na machache chini, Mungu akubariki. Nilitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka kopo la mkate juu yake. Baada ya dakika 45 ulikuwa wa kahawia pande zote.

Katikati bado kulikuwa na unyevu kidogo, nadhani kwa sababu niliukata ungali moto. Watoto hawakutaka kusubiri. Mama mkwe ameomba kipande cha pili, na Jumapili naoka tena.